KUNUNUA GARI SIKU HIZI: PEKUA KWANZA, LIPA BAADAYE

Kuna swali naulizwa karibu kila wiki: "Kaka, nimejichanga, nataka gari, nianzie wapi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naliweka hapa lote kwa pamoja. Ni ndefu kidogo. Kama uko kafe na dakika zinakwenda, chapisha ukasome nyumbani taratibu. Usimalizie hela yako ya nusu saa kwa kunisoma mimi wakati bado hujaangalia hata gari moja.

COROLLA YA MJOMBA

Nianze na stori, maana ndiyo iliyonifanya nianze kufuatilia haya mambo.

Mwaka 2006 mjomba wangu alistaafu. Kiinua mgongo chake alikipangia kazi moja tu: kununua gari la teksi, dereva alete hesabu kila jioni, yeye apumzike. Akampata dalali, dalali akampeleka yadi, wakaoneshwa Corolla ya 110 nyeupe inayong'aa. Mita inasoma kilomita 68,000. Mjomba akazunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi la mbele kama tufanyavyo sote tusiojua kitu, akalipa.

Miezi mitatu baadaye gia boksi ikafa. Fundi alipofungua mlango wa dereva akakuta kwenye fremu kibandiko kidogo cha Kijapani, kile wanachobandika gereji za kule wakibadilisha oili. Maandishi hatukuyaelewa, ila tarakimu hazina lugha: 143,000. Yaani gari lilibadilishwa oili Japan likiwa na kilomita 143,000, likafika Dar likiwa na 68,000. Safari ya meli ilikuwa inarudisha mita nyuma!

Mjomba hakumrudia dalali. Angemwambia nini? Hakuna kilichoandikwa. Pesa ya miaka 31 ya kazi ikaishia kwenye gari lililokaa gereji kuliko barabarani. Kilichoniuma mpaka leo ni kwamba habari ilikuwepo pale mlangoni siku ile ile ya kununua. Hakuna aliyeisoma.

ZAMANI TULINUNUAJE

Kwa wadogo ambao hawakuuona wakati huo: njia zilikuwa tatu. Yadi na dalali wake. Ndugu aliyeko nje, akutafutie na kukutumia. Au uende mwenyewe Dubai, kwenye soko la magari yaliyotumika la Ras Al Khor, ambako magari ya Japan yalikuwa yakipangwa kwa mamia na wanunuzi wa Afrika wakizunguka juani.

Mtandao ulikuwepo, lakini bana, tulikuwa tunategemea setilaiti. Picha moja ya gari ilifunguka kutoka juu kwenda chini kama pazia. Unaona paa, unasubiri, unaona kioo, unasubiri, kabla hujafika kwenye bampa muda umekwisha. Mkongo wa SEACOM ulipofika pwani yetu Julai 2009, na EASSy mwaka 2010, ndipo kijana wa kafe akaweza kufungua picha 20 za gari lililoko Yokohama bila kuongeza hela.

Wauzaji wa Japan nao walikuwa wanakuja mtandaoni. Kampuni ya BE FORWARD, ambayo vibandiko vyake mnaviona kwenye vioo vya magari mji mzima, ilianzishwa mwaka 2004. Nyingine ni SBT, na kuna tovuti zinazokusanya wauzaji wengi pamoja. Kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto, usukani kulia, Japan ndiyo duka letu. Hata ndugu zetu wa Lubumbashi, ambako barabara ni ya kulia, wanaagiza huko huko na magari yanapita bandari ya Dar.

KWA NINI DALALI ALIKUWA NA NGUVU

Mwaka 1970 mchumi Mmarekani George Akerlof aliandika makala iliyokuja kuwa maarufu sana, kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kule gari bovu lililofichwa ubovu wake huitwa limau. Hoja yake kwa lugha yetu ni hii: muuzaji anajua kama gari ni zima au limau, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hakubali kulipa bei ya gari zima. Mwenye gari zima akiona bei ni ndogo anaondoka nalo sokoni. Wanabaki wenye malimau. Mwaka 2001 Akerlof alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa kazi ya namna hiyo juu ya masoko ambayo upande mmoja unajua zaidi ya mwingine.

Ukiielewa hiyo utaelewa kwamba dalali wa mjomba hakuwa anauza gari. Alikuwa anauza kutojua kwa mjomba. Kinachobadilika siku hizi ni hicho: sehemu ya yale aliyoyajua muuzaji peke yake sasa ipo kwenye skrini, na yeyote mwenye subira anaweza kuisoma.

BEI YA KUANGALIWA USONI

Mwaka 2019 dada yangu, anayeuza sare za shule Morogoro, alitaka gari dogo la kubebea mzigo wake. Alienda yadi akaulizia Toyota IST moja, akaambiwa milioni 13 na nusu, mwisho kabisa. Jioni rafiki yangu mmoja akapiga simu yadi ile ile kuulizia gari lile lile. Akaambiwa 11 na laki nane, "na tutaongea". Gari halijabadilika, siku haijabadilika. Kilichobadilika ni aliyeuliza.

Msidhani ni kwetu tu. Wamarekani Ian Ayres na Peter Siegelman walichapisha mwaka 1995 utafiti wa eneo la Chicago: waliwatuma watu zaidi ya mara 300 kwa wauza magari mapya, wawili wawili, wote wakifuata maneno yale yale ya kupatana. Wanaume weupe walitajiwa bei ya chini kuliko wanawake na watu weusi. Miaka michache baadaye Fiona Scott Morton na wenzake waliangalia wanunuzi waliopitia huduma ya mtandaoni kabla ya kwenda dukani. Mwaka 2001 waliripoti kwamba wateja hao walilipa kama asilimia 2 pungufu. Na mwaka 2003 wakaonesha kwamba pengo la bei walilobebeshwa wanunuzi weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini karibu lilitoweka kwa wale waliopitia mtandao.

Hapo ndo penyewe. Asilimia 2 kwa tajiri si kitu. Lakini bei iliyoandikwa kwenye skrini haiangalii viatu vyako, haijui kama ni mwanamke, na haisikii lafudhi ya bara kwenye sauti yako. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye siku zote alikuwa anapigwa.

Basi dada akasema: "Tuagize wenyewe." Tukaketi kafe.

KUSOMA GARI KABLA YA KULIONA

Haya ndiyo niliyojifunza kuyaangalia, kwa mpangilio huu.

1. Namba ya modeli, kabla ya rangi. Magari mawili yanaweza kufanana kama pacha na ndani yakawa tofauti. Mfano IST ya kwanza: NCP60 ni injini ya 1300, NCP61 ni ya 1500, NCP65 ni ya 1500 inayovuta magurudumu yote manne. Premio ya 240: NZT240 ni 1500, ZZT240 ni 1800, na AZT240 ni ya 2000 yenye injini ya D4, ile inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na ambayo mafundi wetu wengi hawaipendi. Kabla hujalipa, muulize fundi wako anaijua injini ipi na vipuri vyake vinapatikana wapi.

2. Mwaka. Karatasi za Kijapani hutumia miaka ya utawala wa wafalme wao. Ukiona 18 au H18 kwenye gari la zama za Heisei, jumlisha na 1988, unapata 2006. Halafu angalia mwaka wa kutengenezwa na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza. Wakati mwingine havilingani, na kodi inahesabu mwaka, haihesabu mng'aro.

3. Karatasi ya mnada. Magari mengi yanayokuja kwetu yamepita minadani Japan, na USS ndiyo mtandao mkubwa wa minada huko. Mkaguzi wa mnada hulipa gari alama. 4.5 na 4 ni zuri, 3.5 ni la kawaida lenye makovu yake, 3 kushuka chini jiandae na gharama. R au RA maana yake liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari wenye herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba ikiwa kubwa, jeraha ni kubwa. Muuzaji akikuambia karatasi haipo, uliza kwa nini. Likiwa ni gari la mnada, ilikuwepo.

4. Kilomita. Japan kuna ukaguzi wa lazima wa magari uitwao shaken: gari jipya la kutembelea hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na usomaji wa mita huandikwa. Hata cheti cha kusafirisha gari nje huwa na usomaji huo. Omba picha yake kabla ya kulipa, kisha linganisha na mita kwenye picha za tangazo. Tarakimu hazina lugha, kama nilivyosema.

5. Picha za chini ya gari. Tovuti nzuri huweka. Japan ya kaskazini ina theluji, barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma. Gari linaweza kuwa na alama 4 juu na kutu chini kama mabati ya banda la kuku.

6. Bei ya wenzake. Fungua magari 10 ya modeli, mwaka na kilomita zinazokaribiana. Bei zao zitajipanga zenyewe. Moja likiwa chini sana ya wenzake, usifurahi, jiulize. Kila rahisi ina sababu.

KIKOKOTOO, NA KOSA LANGU MIMI MTAALAMU

Tukapata IST ya mwaka 2005, NCP60, alama 4. Mpaka bandarini Dar dola 2,400. Nikajifanya mjuzi, nikapiga hesabu ya kodi kwa dola 2,400 hizo hizo. Dada akatenga pesa kama nilivyomwambia.

Kumbe TRA ina orodha yake ya thamani ya magari yaliyotumika. Invoisi yako ikiwa chini ya thamani hiyo, wanatumia ya kwao. Kwa gari letu thamani ilikuwa kama dola 3,000. Na kikokotoo kipo mtandaoni, wazi kwa kila mtu, bure! Unachagua aina, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kinakuletea jumla. Mimi niliyesoma mpaka herufi za mikwaruzo, sikukifungua.

Hesabu inakwenda hivi, kwa thamani ya dola 3,000 na injini kati ya 1000 na 2000, gari la zaidi ya miaka 10:

- Ushuru wa forodha asilimia 25: dola 750. Jumla inakuwa 3,750.
- Ushuru wa bidhaa asilimia 5 ya 3,750: dola 187.50.
- Nyongeza ya uchakavu asilimia 30 ya 3,750: dola 1,125.
- VAT asilimia 18 ya vyote hivyo pamoja (5,062.50): dola 911.25.

Jumla ya kodi ni dola 2,973.75, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe! Hapo bado tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala wa forodha, usajili na bima. Gari la miaka 8 hadi 10 nyongeza yake imekuwa asilimia 15 badala ya 30, na injini isiyozidi 1000, kama Vitz ya KSP90 yenye 996, imekuwa haina ule ushuru wa asilimia 5. Viwango hivi hubadilishwa na bajeti ya Juni, kwa hiyo fungua kikokotoo siku ile ile unayotaka kulipa, usitegemee hesabu yangu.

Kosa langu liligharimu karibu dola 600, zaidi ya milioni 1 na laki 3 kwa wakati ule. Dada hakuwa nazo. Gari likakaa bandarini likihesabiwa tozo ya kuhifadhi huku tukikimbia huku na huku. Mwishowe alikopa kwenye kikundi chake cha VICOBA, na msimu wa shule ule aliingia na mzigo nusu. Hakunisema sana. Alisema tu: "Kumbe na wewe ulikuwa dalali wangu." Lilinichoma.

Walioko Kenya: gari lisizidi miaka 8 na usukani uwe kulia, kwa kiwango cha KEBS. KRA nayo ina orodha yake ya bei ambayo ndiyo msingi wa kodi. Itafuteni hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

KULIPA BILA KULIA

Kwanza maneno: FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini Japan, bila nauli. C&F ni gari pamoja na nauli mpaka bandari yako. CIF ni hiyo pamoja na bima ya safarini. Watu wengi wanaona FOB, wanashangilia, halafu wanashangazwa na nauli.

Malipo yanakwenda kwa benki, kwa jina la kampuni, kwa kufuata invoisi yenye namba ya chesesi ya gari lako. Ukiambiwa tuma kwa jina la mtu binafsi, au kwa huduma za kutumiana pesa mkononi, funga ukurasa uondoke. Matapeli hutengeneza tovuti inayofanana na ya kampuni kubwa, wamebadilisha herufi moja tu. Andika anwani mwenyewe, usibonyeze iliyotumwa kwa barua pepe. Tafuta namba ya simu ya kampuni kwa njia yako, piga, wasomee namba ya akaunti uliyopewa. Angalia pia kama kampuni ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika Japan. Na akaunti ikibadilika ghafla katikati ya mazungumzo, hapo pana mwizi.

Uliza pia kuhusu ukaguzi wa TBS unavyofanyika kwa wakati huo, kabla meli haijaondoka. Utaratibu wake umewahi kubadilishwa, na kosa hapo unalilipia wewe.

GARI LILILOKO NCHINI TAYARI

Si kila mtu ataagiza. Wengi tutanunua gari la mkononi, namba D au namba E. Hapa nako kupekua kunasaidia:

- Ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, TMS, uone faini ambazo hazijalipwa. Usinunue gari pamoja na madeni ya watu.
- Linganisha namba ya chesesi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma. Herufi kwa herufi.
- Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na uone kitambulisho chake. "Kadi ipo benki" maana yake gari liko rehani, malizaneni na benki kwanza.
- Chukua picha ya tangazo, itafute mtandaoni. Siku hizi kuna madalali wanachota picha kwenye tovuti za Japan na kuandika "lipo njiani". Gari si lao, wala halijapanda meli.
- Mkataba wa maandishi, mbele ya mwanasheria. Mjomba angekuwa nao, angekuwa na pa kuanzia.

AMBACHO MTANDAO HAUWEZI

Nisije nikawadanganya. Mtandao haunusi oili. Hausikii gia ikichelewa kuingia, wala hauoni moshi wa asubuhi gari likiwa la baridi. Kwa gari lililopo hapa, nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Fika kabla injini haijawashwa. Mlipe fundi posho yake hata kama hujanunua, hasa kama hujanunua, maana amekuokoa.

Na yanayoandikwa mtandaoni si yote ya kweli. Mwenye kusifia modeli fulani huenda analo moja la kuuza. Soma wanaosifia, soma wanaolaani, halafu kamuulize anayelitumia kila siku: dereva wa teksi hana sababu ya kukudanganya kuhusu ulaji wa mafuta.

Madalali nao hawajafa, wamehamia kwenye simu. Mzuri yupo, anayekuokolea muda na anayestahili ujira wake. Tofauti ni kwamba sasa ukifika kwake unaijua bei, unajua namba ya modeli, na yeye anajua kwamba unajua. Mazungumzo yanakuwa mafupi na ya heshima.

IST ya dada bado inatembea. Mkopo ulishaisha zamani. Mwaka jana binti yake alitaka ushauri wa gari, akaja kwangu. Nilimfungulia kikokotoo kwanza, kabla hata ya chai.

Mjomba ametangulia mbele ya haki. Ile Corolla iliuzwa kwa vipuri. Mlango wa dereva nilimwomba fundi anibandulie kile kibandiko. Ninacho mpaka leo ndani ya daftari langu.

Mwenye swali au aliyepata mkasa wake aandike hapo chini, tufundishane. Ila majina ya watu na namba za simu msiweke. Kazi kwenu wadau.